Mabibo, ukwaju na barafu za vifuko: watoto wanywe nini joto hili la Desemba?

"Mtaalamu, habari za kazi. Ninaishi Lindi mjini, nina watoto watatu: wa miaka saba, wa minne na mdogo wa miezi minane. Joto limetuchosha, wakubwa wako likizo na kutwa wanadai soda na barafu za dukani. Nimeamua kuwatengenezea mwenyewe: juisi ya ukwaju, ubuyu, embe, na mabibo (yale matunda ya mkorosho) maana shamba la mzee limejaa. Nyingine nagandisha kwenye vifuko wanyonye. Wiki iliyopita wa miaka minne aliharisha siku mbili. Mama mkwe anasema ni baridi ya barafu pamoja na maembe, kwamba ndivyo vinavyoleta kifua na malaria. Jirani naye ananiambia mabibo hayafai kwa mtoto, yatamlewesha, bora niwawekee glukosi kwenye maji wapate nguvu. Mimi nilijua juisi ya nyumbani haina madhara. Naomba ukweli: nitengeneze nini, sukari kiasi gani, na huyu mdogo naye nimwonjeshe?"

Dada yangu, asante kwa kuuliza kwa urefu. Umenipa umri wa watoto, umetaja matunda na umesema nani kakwambia nini, na hilo limenirahisishia kazi. Ninavyokusoma, unaogopa kwamba ulichowapa kwa nia njema ndicho kilichomharisha mwanao, na wakati huohuo hutaki kurudi kwenye soda. Sioni sababu ya kurudi kwenye soda. Ila nina wasiwasi na vitu viwili ambavyo mama mkwe hakuvitaja wala jirani hakuvitaja: maji uliyotumia, na sukari uliyotia.

Tuanze na mama mkwe, maana ndiye mkubwa. Baridi ya kinywaji haileti homa ya mapafu. Mafua na homa ya mapafu huletwa na vijidudu ambavyo watoto huambukizana kwa kukoholeana, kushikana mikono na kunywea kikombe kimoja. Kinywaji kinakwenda tumboni, hakipiti mapafuni, na kikifika huko kimeshaanza kupashwa na joto la mwili. Mtoto mwenye pumu anaweza kukohoa akimeza kitu cha baridi kali kwa ghafla, kwa hiyo huyo mpe kilichopoa tu. Lakini bibi naye hajaota. Watoto wanne wakinyonya barafu moja kwa zamu na mmoja wao ana makamasi, keshokutwa nyumba nzima inakohoa. Alichokiona ni cha kweli, aliyelaumiwa ndiye siye.

Kuhusu maembe na malaria, huku kwetu hesabu hiyo inaingia akilini kwa urahisi mno. Maembe yanaiva kuanzia Novemba, na mvua za Kusini zinaanza Desemba au karibu na hapo. Mvua inaacha madimbwi, madimbwi yanazaa mbu, na mtoto anashikwa na homa akiwa na kokwa la embe mkononi. Malaria inaletwa na mbu aina ya anofelesi, basi. Kinachonitia hofu kwenye imani hii ni kwamba mtoto anachemka usiku, watu wanasema "ni maembe hayo, yatamtoka," na siku mbili zinapita bila kipimo. Lindi na Mtwara bado ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi Tanzania Bara. Homa yoyote ya mtoto hapa ni ya kupimwa siku hiyohiyo, awe amekula embe au hajala.

Sasa kuharisha. Siwezi kukuambia kwa hakika ni nini kilimwangusha mtoto nikiwa mbali, lakini ningeombwa nitafute mshukiwa, ningeanzia kwenye kifuko cha barafu.

Wengi wanaamini friza inaua wadudu, kwamba maji yakiganda yameshakuwa salama. Si kweli. Vijidudu vingi vya kuharisha, hata vya kipindupindu, vinavumilia kuganda. Vinasimama tu, vinangoja, na barafu ikiyeyuka mdomoni vinaamka. Kwa hiyo barafu ni safi kwa kadiri maji yake yalivyokuwa safi kabla ya kuingia kwenye friza, haizidi hapo.

Halafu mwangalie mtu anavyofunga barafu. Anachukua kifuko, kimegandamana, hakifunguki, anakipuliza kwa mdomo. Anachota juisi kwa kikombe kilichokuwa kinaelea kwenye ndoo ya maji, vidole viwili vikiwa ndani ya ukingo. Anakaza fundo kwa vidole vilivyolowa. Kifuko kinakwenda kulala kwenye friza juu ya mfuko wa samaki, na mchana mtoto anakitoa, hakioshi, anang'ata kona kwa meno na kutema kipande chini. Hata kama juisi ilikuwa safi kabisa, nje ya kifuko kile ni kuchafu na ndiko kulikotangulia mdomoni.

Rekebisha hivi. Chemsha maji mpaka yatokote kwelikweli kwa dakika moja, yaache yapoe humohumo kwenye sufuria yakiwa yamefunikwa. Kama kuni au gesi inabana, tumia vidonge vya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti na usubiri muda uliotajwa, kwa kawaida nusu saa. Maji hayohayo ndiyo ya kuchanganyia juisi, ndiyo ya kusuuzia matunda mara ya mwisho, na ndiyo ya kugandishia barafu za kutia kwenye glasi. Nawa kwa sabuni, fungua kifuko kwa kukisugua kati ya vidole vilivyonawa, mimina kwa jagi lenye mdomo. Panga vifuko ndani ya ndoo ndogo yenye kifuniko kabla ya kuviweka kwenye friza, mbali na samaki. Wakati wa kula, osha nje ya kifuko kisha kata kona kwa mkasi safi. Vikombe vidogo vya plastiki vyenye kijiti katikati ni bora zaidi ya vifuko, ila naelewa ni gharama.

Umeme ukikatika na ukakuta barafu zimeyeyuka, zimekuwa vuguvugu na zimekaa hivyo saa kadhaa, usizigandishe upya. Mwaga. Na yale mapande ya barafu wanayouziwa wavuvi na wachuuzi wa samaki yasiingie kabisa kwenye jagi la watoto, hata yakionekana meupe namna gani.

Nirudi kidogo kwenye joto lenyewe, kwa sababu linabadilisha namna ya kuchagua kinywaji. Mwili wa mtoto unajipoza kwa jasho. Jasho linapokauka juu ya ngozi linaondoka na joto, na kazi hiyo ni kubwa: lita moja ya jasho ikikauka yote inaondoa kiasi cha kilokalori 580. Lita moja ya maji ya friji, ya nyuzi 5, ikishanywewa na kupashwa mpaka nyuzi 37 inachukua kilokalori 32 tu. Maana yake ni kwamba maji yanampoza mtoto hasa kwa kumpa kitu cha kutoa jasho, na ubaridi ni nyongeza ndogo. Maji ya mtungi yanafanya karibu kazi ileile. Ubaridi una faida moja ya kweli: watoto wanakunywa zaidi kinywaji kikiwa cha baridi na kitamu, na hiyo ndiyo sababu siwezi kukukataza barafu.

Tatizo la pwani yetu ni kwamba mwezi kama huu hewa imejaa unyevu. Jasho linachuruzika bila kukauka, na jasho lisilokauka halipozi. Ndiyo maana nyuzi 32 za Lindi zinachosha kuliko nyuzi hizohizo bara, kwenye hewa kavu. Kwa hiyo pamoja na juisi, waondoe juani kuanzia saa tano mpaka saa tisa mchana, wavae nguo nyepesi, wakae penye upepo, wafutwe kwa kitambaa chenye maji. Mkienda shambani kuokota korosho, dumu la maji safi litangulie kabla ya kapu.

Kiasi: mtoto wa miaka minne hadi minane anahitaji kama lita moja na robo ya vinywaji kwa siku ya kawaida, na zaidi akicheza sana. Usimpimie kwa mililita kutwa nzima, angalia mkojo wake. Ukiwa na rangi hafifu, anatosheka. Ukiwa wa njano iliyokolea na anakwenda chooni mara chache, ongeza. Na sehemu kubwa ya kiasi hicho iwe maji matupu. Juisi ni kionjo.

Hapo ndipo napingana na kile ulichokijua, kwamba juisi ya nyumbani haina madhara. Chukua jagi la lita mbili la ukwaju. Ukwaju ni mchachu kwa asidi yake, na ili watoto wakubali wengi wetu tunamwaga kikombe kizima cha sukari, karibu gramu 200. Gawanya kwenye glasi nane za mililita 250: kila glasi imebeba gramu 25, yaani vijiko sita vya chai. Soda ya ujazo huohuo ina sukari karibu sawa na hiyo. Umeokoa rangi na gesi, sukari umeiacha palepale.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu zote mtu anazopata kwa siku kwenye chakula, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mwanao wa miaka saba, asilimia 10 ni kama vijiko tisa vya chai kwa siku nzima, na asilimia 5 ni vinne na nusu. Ndani ya hesabu hiyo imo chai ya asubuhi, maandazi, uji na biskuti za dukani. Asali nayo inahesabiwa. Na hata sukari ya asili iliyomo kwenye juisi uliyoikamua inahesabiwa, ingawa ile iliyomo kwenye tunda zima haihesabiwi. Wazazi wengi hushangaa hapo. Mtoto akila chungwa anatafuna, nyuzinyuzi zinamshibisha na sukari inaingia damuni polepole. Glasi moja ya juisi ni machungwa matatu au manne bila nyuzinyuzi zake, na inamalizika kwa mafunda matano. Hakuna mtoto wa miaka minne anayeketi akala machungwa manne mfululizo.

Meno yana hesabu yake tofauti. Bakteria wa mdomoni wanakula sukari na kutoa asidi inayochimba jino, na baada ya kila mguso wa sukari mdomo unahitaji kama nusu saa kurudi sawa. Glasi ya juisi iliyonywewa pamoja na chakula ni mguso mmoja. Barafu ya kifuko inayonyonywa dakika ishirini, ikifuatiwa na nyingine saa moja baadaye, na nyingine jioni, ni jino lililoloweshwa kutwa. Kwa sababu hiyo barafu za sukari naziruhusu mara moja kwa siku, baada ya chakula, kisha mtoto asukutue kwa maji. Asipige mswaki papo hapo baada ya ukwaju au ndimu, maana asidi inakuwa imelainisha jino. Asubiri nusu saa.

Basi sukari kiasi gani? Lengo langu ni vijiko vinne vya chai kwa lita, sawa na kijiko kimoja kwa glasi. Ukikata leo kutoka kikombe mpaka hapo watagoma, na watakuwa na haki. Punguza robo ya kiasi kila baada ya siku nne au tano. Ulimi wa mtoto unazoea kuliko tunavyodhani. Utamu uliopungua uzibe kwa tunda lililoiva: embe bivu au ndizi mbivu ikisagwa pamoja na ukwaju inaufanya unyweke kwa sukari kidogo sana. Iliki au tangawizi kidogo huudanganya ulimi pia. Kwa kiasi cha juisi kwa siku, madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri isizidi mililita 120 kwa mwaka mmoja hadi mitatu, 120 hadi 180 kwa miaka minne hadi sita, na 240 kuanzia miaka saba. Hicho kipimo hata mimi nakitumia kwa wateja wangu. Kwa hiyo yule wa minne ni nusu glasi tu na kidogo.

Nimeliweka bibo hapa kwa makusudi, kwa sababu nina mengi ya kulisemea na kwa sababu ndilo tunda tunalolidharau kuliko yote Kusini. Oktoba hadi Desemba ukipita kwenye mikorosho, iwe Mtama, Masasi au Tandahimba, utakuta watu wanasokota korosho na kulitupa bibo chini. Korosho inakwenda mnadani, bibo linaliwa na nzi. Na hilo linalotupwa lina vitamini C mara kadhaa kuliko chungwa. Vitamini C, mbali na mengine, inausaidia utumbo kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage, kunde, choroko na majani ya kisamvu. Ndiyo maana ningependa juisi ya bibo inywewe na chakula cha mchana, glasi ndogo, na si asubuhi peke yake. Watu wanatafuta vinywaji vyekundu vya "kuongeza damu". Rangi nyekundu haiongezi damu. Kunde na bibo kwenye mlo mmoja vinasaidia kweli.

Je, linalewesha? Bibo bichi lililotoka mtini asubuhi halileweshi. Lakini jirani yako anatoka Kusini, anajua anachokizungumza: hamira ya asili iko kwenye ganda la tunda lenyewe, sukari ipo ya kutosha, na joto letu linafanya mengine. Juisi iliyokamuliwa asubuhi na kuachwa mezani inaanza kutoa mapovu jioni. Ikiendelea ni uraka, pombe ya mabibo, na uraka ukipikwa ni gongo. Kwa hiyo kanuni ni ya muda: mabibo ya asubuhi, juisi ya asubuhi, inywewe mchana huo au iingie friji mara moja na iishe ndani ya siku hiyo. Ukifungua chombo kikatoa mlio, au ukaona povu, au ukasikia harufu ya pombe, hiyo si ya mtoto hata tone.

Ule ukakasi unaokamata koo unatokana na tanini, ambazo zinagandana na protini za mate na kuufanya mdomo ukauke. Si sumu, ila watoto wanaukimbia. Kuupunguza ni kazi ya jikoni ya kawaida. Osha mabibo, kamua, chuja. Pika uji mwepesi sana wa mchele au wa wanga wa muhogo, uache upoe, tia vijiko vichache vikubwa kwenye lita ya juisi, koroga na uweke kwenye friji saa moja au mbili. Utaona ukungu mzito unashuka chini. Chota ya juu taratibu, hiyo ndiyo juisi. Njia nyingine ni kukata vipande na kuvichemsha dakika chache na chumvi kidogo, kumwaga maji, kisha kusaga. Vitamini C inapungua lakini inabaki ya kutosha. Mimi napenda kuichanganya nusu kwa nusu na embe, na hapo sukari haihitajiki kabisa.

Tahadhari zake ni hizi. Korosho iliyoshikamana na tunda mtu mzima ndiye aitoe, na mtoto asiing'oe kwa meno: mafuta yaliyomo kwenye ganda la korosho mbichi yanaunguza midomo na ngozi. Chuma mtini au okota lililoanguka muda huohuo, lisilopasuka. Mikorosho inapulizwa salfa dhidi ya ugonjwa wa ubwiri unga, na wengine wanapuliza viuatilifu vya maji dhidi ya wadudu waitwao mbu wa mikorosho. Muulize mzee alipuliza nini na lini mara ya mwisho, na chupa ya dawa inataka zipite siku ngapi kabla ya kuvuna. Kisha osha kwa maji mengi. Mtoto mwenye mzio wa korosho asipewe bibo. Na wavue mashati meupe kabla, doa la bibo halina dawa.

Vingine nitavipita haraka. Ubuyu ninaousema ni ule mweupe wa kutoka kwenye kibuyu chake, si ule mwekundu wa pipi uliojaa rangi na sukari. Loweka kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa, saa moja, pekecha mpaka mbegu zibaki tupu, chuja kwa chujio la matundu makubwa ili ubaki mzito. Usiuchemshe, unapoteza vitamini C. Embe lisage na usilichuje. Tikiti maji halina haja ya kuwa juisi. Zaidi ya asilimia 90 ni maji tayari, likate vipande, ligandishe, wape watafune. Madafu ni mazuri, yanywewe freshi mara dafu linapofunguliwa. Maji yaliyochemshwa na mchaichai, yakapozwa na kutiwa kipande cha ndimu, ni kinywaji ambacho watoto wanakidharau siku ya kwanza na kukidai siku ya tano. Chai ya rangi ya baridi usiwape, inazuia madini ya chuma kufyonzwa.

Ningeambiwa nichague kimoja kwa mtoto anayekataa chakula mchana kwa sababu ya joto, ningechagua mtindi. Maziwa yaliyochemshwa na kugandishwa vizuri, kikombe kimoja, nusu embe bivu, maji salama kidogo, yasagwe au yapigwe kwa mwiko, yapoe. Kina protini, kina kalisi, kina utamu wa embe, na kinashibisha. Huyu wa miaka minne akimaliza kikombe cha hiki saa saba mchana, sitakuwa na ugomvi naye kuhusu wali.

Glukosi ya dukani usinunue kwa ajili hiyo. Ni sukari tu iliyokwisha kuvunjwavunjwa; mtoto anayekula ugali, wali au muhogo anaitengeneza mwenyewe mwilini bure. Inamwongezea kiu na kuharibu hamu ya kula.

Pengine mkanganyiko unatokana na dawa ya kuharisha, ORS, ambayo ina glukosi ndani. Ile ni hesabu nyingine kabisa. Kwenye ukuta wa utumbo kuna milango inayopitisha chumvi na glukosi kwa pamoja, na vikipita pamoja vinavuta maji kuingia mwilini, hata utumbo ukiwa unaumwa. Kipimo kikiwa sahihi, maji yanaingia. Sukari ikizidi, inafanya kinyume: inayavuta maji kutoka mwilini kuyaleta utumboni na kuharisha kunaongezeka. Ndiyo sababu mtoto anayeharisha asipewe soda, juisi tamu wala glukosi tupu, na madafu nayo hayatoshi kwa sababu chumvi anayoipoteza mtoto ni kidogo mno ndani yake. Hata juisi nyingi tamu kwa mtoto mzima wa afya inaweza kulegeza choo kwa njia hiyohiyo, kwa hiyo usilitoe wazo hilo kabisa kuhusu wiki iliyopita. Pakiti ya ORS inachanganywa na lita moja ya maji salama na kumalizwa ndani ya saa 24, kinachobaki kinamwagwa. Pakiti isipopatikana usiku huo, lita moja ya maji salama, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kufuta juu. Ukikosea, usikosee kwenye chumvi. Ionje, isizidi chumvi ya machozi.

Mdogo wa miezi minane usimwonjeshe. Kabla ya mwaka mmoja hahitaji juisi ya aina yoyote, hata isiyo na sukari. Anahitaji ziwa lako, mara nyingi zaidi siku za joto, na maji yaliyochemshwa na kupoa anayonyweshwa kwa kikombe, mafunda machache baada ya kula. Embe mpe likiwa limepondwa kwa kijiko. Asali asipewe mpaka atimize mwaka, kwa kuwa inaweza kubeba vijidudu vinavyotengeneza sumu ndani ya utumbo wa kichanga. Sukari ya kuongeza nashauri asubiri mpaka miaka miwili. Ukiwa na shoga mwenye kichanga chini ya miezi sita, mwambie kwamba maziwa ya mama peke yake yanatosha hata joto likizidi, maji hayahitajiki.

Na kama friji inakusumbua kwa umeme, usiudharau mtungi. Unapoza kwa njia ileile ya jasho: maji yanapenya udongo na kukauka nje. Kwa unyevu wa Lindi hautapoza kama unavyopoza Dodoma, lakini ukiuweka kivulini penye upepo, ukaufunika na kuchota kwa kata yenye mpini mrefu, maji yanakuwa ya kupendeza. Usafishe ndani kila wiki. Kikombe cha kuchovya mkono ndicho kinachouharibu.

Mengine hayamalizwi kwa kuandikiana. Mpeleke mtoto kituo cha afya kilicho karibu, au hospitali ya Sokoine ukiwa Lindi mjini, na wenzako wa Mtwara waende hospitali ya Ligula, ukiona damu kwenye choo, anatapika kila anachokunywa, macho yamezama, analia bila machozi, hajakojoa kwa saa sita au zaidi, ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole, au amelegea na hataki kunywa. Mtoto aliyekuwa juani akawa wa moto sana, akachanganyikiwa au akapata degedege, mvue nguo, mmwagie maji, mpepee, na safari ya hospitali ianze wakati huohuo. Yupo pia mtoto ambaye kiu yake haiishi: anakunywa usiku na mchana, anakojoa sana, pengine ameanza tena kukojoa kitandani, na anakonda. Hiyo usiisingizie joto, akapimwe sukari siku hiyohiyo.

Yule wa miaka minne akiharisha tena, pamoja na ORS uliza kituoni vidonge vya zinki. Ni miligramu 20 mara moja kwa siku, kidonge kinayeyushwa kwenye kijiko cha maji salama, kwa siku 10 hadi 14 kama watakavyokuelekeza, na anavimaliza vyote hata choo kikishika siku ya tatu.